Mstari wa Saba kwenye Chupa

Mimi nasoma kwa kidole. Nakiweka chini ya neno, nalitamka, ndipo nahamia lingine. Mwalimu wa darasa la tatu alinichapa kwa ajili ya kidole hicho. Alikuwa anasimama na saa mkononi. Anayemaliza ukurasa kwanza anapigiwa makofi, wa mwisho anapigwa fimbo. Tumeelewa nini, hakuuliza hata siku moja. Katika wenye lawama namtaja huyo, ni wa kwanza.

Wa pili ni katibu wa kikundi chetu cha pamba hapa Kasoli. Darasani yeye ndiye alikuwa anapigiwa makofi. Siku dawa ya wadudu ilipoletwa, tulikaa nje ya ghala, akainua chupa akasoma kama mtu anayefukuzwa na nyuki: tikisa, changanya, nyunyizia, basi. Nikaomba anipe nisome mwenyewe.

"Mzee, ukianza wewe, pamba itapasuka hujamaliza."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kwa kicheko kile najitaja mwenyewe, wa tatu.

Nikanyunyizia. Kesho yake mke wangu akaingia shambani kuchuma mlenda uliojiotea kati ya mashina ya pamba. Kwetu mlenda wa namna hiyo haupandwi wala hauombwi. Mama zetu wamechuma humo miaka yote. Tukaula na ugali sisi wawili, watoto walikuwa kwa bibi yao. Jua halijashuka, jasho na mate yanatutoka, macho hayaoni vizuri. Jirani akatupakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani. Hospitalini Bariadi tuliingia wawili. Nikatoka mimi.

Baada ya maziko nilikaa na ile chupa tupu asubuhi nzima. Kidole kikafika mstari wa saba: usile mboga iliyomo ndani ya shamba lililonyunyiziwa mpaka zipite siku kumi na nne. Maneno hayo ninayo mpaka leo, nayasema nimefumba macho. Nikaenda kwa katibu, nikamuuliza mstari wa saba unasemaje. Akasema yeye alisoma yote. Nikamwambia basi anitajie. Akarudia yale yale: tikisa, changanya, nyunyizia. Jicho lilipita, kichwani hakikubaki kitu. Halafu akanishauri niende kwa mganga nikajue nani alimroga marehemu. Aliyemroga nilikuwa namtazama.

Msimu huu dawa imekuja tena. Katibu alipoinua chupa, niliichukua mkononi mwake nikaanza, kwa kidole, neno moja moja. Jua likawa kali, watu wakaanza kupiga miayo.

"Mzee, wenzako wana kazi," katibu akasema.

"Na mimi nilikuwa na mke."

Kwa kuwa alinikatiza, nikarudi mwanzo wa mstari. Nilipofika wa saba nikawataka waurudie wote, neno kwa neno. Waliokataa nikawasubiri.