Kravati Yangu Iko Ndani, Miye Niko Inje

Bandugu, niko natembea-tembea inje ya sale ya karamu, sikae, situlie!

Leo bapenzi ba ekipe yetu ya mupira banajaa ndani kupokea gardien wetu, mwenye kulinda goli. Miye njo mwenye kulinda mulango ya sale.

Muntu moya anafika mbio, anatoka gare ya treni, jasho tu.

Namuambia: "Yaya, ndugu yangu mukubwa, bila kravati hauingie."

Ile sheria niliandikaka miye mwenyewe!

Ndani banaimba jina ya gardien. Ule muntu anacheka: "Banaita miye."

Mungu wangu! Bila kofia na jezi, sikumujua.

Nikatosha kravati yangu kwa shingo, nikamufunga nayo. Akaingia. Makofi!

Nikamufuata. Prezida wa bapenzi akanisimamisha kwa mulango, akanisomea sheria yangu yote.

Nani iko na kravati ya pili? Banaanza kukula!