Kaseti ya Mong'ina wa Kebirigo

Siku ya kwanza darasani, profesa wetu wa mbinu za utafiti alituambia tufunge daftari. Kila mmoja amsikilize jirani yake akieleza alivyofika chuoni, kisha asimame atueleze alichosikia. Tulivuruga wote. Mimi nilimpa mwenzangu hata ng'ombe ambao hakuwahi kuwa nao. Profesa, mama mpole kutoka Machakos, akatungoja tumalize. "Mmejisikiliza wenyewe," alisema. "Sasa tutajifunza kumsikiliza mtu."

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mtu mzima niliyeacha chaki ya shule ya msingi kwenda kusoma upya. Wenzetu wa takwimu walikuwa na hojaji, zile karatasi za maswali zenye visanduku vya kutia alama. Wao waliuliza wangapi. Sisi wa utafiti wa kimaelezo tuliuliza vipi na kwa nini, na jibu la namna hiyo haliingii kwenye kisanduku. Walituita watu wa umbea. Niliwaacha wacheke.

Kazi ya kwanza ya nje ilikuwa Itumbe, kwa wakulima wa chai. Tulitaka kujua akina mama walijifungulia wapi, na ni nini kiliwafanya wachague pale. Msimamizi wetu wa nyanjani, kijana mgeni mwenye haraka zake, aliitisha mjadala wa kikundi, yaani watu wachache wazungumze pamoja na mtafiti asikilize. Akawaketisha wakwe na wakamwana benchi moja, akauliza habari za uzazi. Hakuna aliyefungua mdomo. Wakamwana walitazama miguu yao, na baba mkwe mmoja akaondoka akisema ng'ombe wanamngoja. Ikabidi nimweleze bwana mkubwa kwamba kwetu Wagusii kuna chinsoni, ile heshima iliyo kati ya mzazi na mwana, na kati ya mkwe na mkamwana. Mambo ya kitandani na ya uzazi hayatajwi mbele yao. Toka hapo tukahoji mmoja mmoja, na hayo ndiyo huitwa mahojiano ya kina.

Kutoka Itumbe nilipelekwa Kebirigo. Huko nilimpata mong'ina mmoja, ndivyo tunavyomwita mama mzee kwa heshima, mjane mwenye shamba dogo la chai karibu na soko. Utaratibu wetu ulikuwa huu: kwanza unawasha kinasa sauti na kumwuliza mtu amekula nini asubuhi, ili ujue mashine inashika. Halafu unamsomea ahadi kwamba sauti yake haitasikiwa na yeyote nje ya utafiti, na kazi ikiisha kaseti itafutwa. Akiridhia, ndipo maswali yanaanza. Mong'ina aliridhia, akaongea mpaka jua likahama upande wa pili wa boma. Aliyoniambia hakuwa amemwambia mtu. Wala nyinyi sitawaambia.

Nilirudi chuoni nikafanya unukuzi, kuandika neno kwa neno yaliyo kwenye kaseti. Nilikuwa nimemaliza, na kaseti zinangoja kufutwa wiki hiyo hiyo, aliponijia mwanamume amenyoa kichwa kwa msiba. Alikuwa Nyakundi, mwana wa mong'ina, aliyefanya kazi Mombasa. Mama yake alilala salama, asubuhi hakuamka.

"Dada, nimeambiwa uliichukua sauti yake," alisema. "Mimi nilikuta haongei tena. Naomba nimsikie."

Roho iliniuma. Nilimpeleka kwa Profesa, naye akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Pole sana, baba. Lakini mama yako tulimpa ahadi, na kufa kwake hakutufungui."

Nyakundi akanigeukia. "Kwani aliongea habari gani?"

"Za uzazi," nikasema.

Akainamisha kichwa. Yule alikuwa Mgusii, hakuhitaji kufundishwa chinsoni na profesa. "Basi hayo si yangu," alisema. "Hakuna hata mahali amesalimia tu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka lile jaribio la kinasa sauti, swali la chakula cha asubuhi. Sehemu ile hakuna aliyekuwa akiinukuu, tulikuwa tunairuka. Nikamwambia Profesa, "Kuna maneno aliyosema kabla sijamsomea ahadi."

"Nisikie kwanza," alisema. Nyakundi akangoja nje. Niliwasha, nikamfasiria kutoka Ekegusii. Profesa alivua miwani akaifuta.

"Hayo hayamo katika utafiti wetu," alisema. "Mpe. Lakini kidole chako kisitoke kwenye kitufe cha kuzima."

Tulishuka mjini hadi duka la Mhindi mmoja aliyeuza redio, mwenye mashine ya kunakili kaseti. Mzee yule alifikiri ni nyimbo. Nilipomwambia ni mama wa mtu, alifunga mlango wa duka ili kelele za barabarani zisiingie. Sauti ya mong'ina ikatoka, na kuku wake nyuma:

"Nimekula nini? Nimekunywa uji wa wimbi, nikala na ndizi. Zile nilizofunika usiziguse, ni za Nyakundi, kila siku namwekea. Yule huja bila kutuma habari, na akikosa chakula atasema mama yake amezeeka."

Nikabonyeza. Nyakundi alisogea karibu na mashine. Kisha akaomba irudiwe.

Baada ya hapo nilihoji watu kwa miaka mingi, nikafundisha, nikawa msimamizi, na sasa nimestaafu, nachuma chai yangu mwenyewe. Vijana huja na simu zao zinazonasa kila kitu, wananiuliza swali gani zuri la kuanzia. Nawaambia waulize mtu amekula nini, na wasiruke jibu. Wananiona bibi anayependa chakula.

Ile kaseti ya mahojiano niliifuta mwenyewe, kama tulivyoahidi. Ile nakala Nyakundi aliitia mfukoni mwa shati siku ile, akasimama pale mlangoni mwa duka asijue aelekee wapi.

"Dada," aliniambia, "nilipofika nyumbani nilikuta sahani ya ndizi imefunikwa jikoni. Nilidhani ni mabaki. Niliwamwagia kuku."