Jua la Utosi kwenye Njia ya Mnarani

Nilipokuwa mtoto, njia ya kwendea mnara wa taa ilikuwa na saa zake. Asubuhi unapita, alasiri unapita, lakini jua likishasimama utosini hakuna mtu wa kijijini kwetu aliyethubutu kuikanyaga. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, na mnara ulikuwa mbali kidogo kusini, kwenye rasi. Njia yenyewe ilifuata ukingo wa bahari. Upande mmoja maji, upande wa pili tope la mikoko, na katikati ya safari palikuwa na pango la mawe ya matumbawe lenye giza hata mchana. Humo ndimo ulimokuwa mzimu wetu.

Watu waliacha pale vitambaa vyeupe na vyekundu, mayai, chupa za marashi. Aliyepita alivunja jani, akaliweka mlangoni mwa pango na kusema, "Tunapita, sie ni wenu." Mchana wa jua kali, wazee walisema, wenyewe hutoka kuota jua, na asiyekuwa na kivuli hawamtambui. Mtu mzima huweza kurudi na homa tu. Mtoto mgonjwa akipitishwa saa hiyo harudi.

Nilikulia kwa bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na kila mlango wa kijijini ulimjua, maana palipokuwa na mzazi au mgonjwa hakuacha kufika. Mimi aliniita mke mwenzake, kama mabibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike.

Siku zile serikali ya Waingereza ilikuwa imemleta mlinzi mpya wa taa, Mnyamwezi mmoja Mkristo aitwaye Yohana, pamoja na mkewe kijana, Agata. Kijijini hawakuwazoea. Walikuwa wageni, hawakuwa wa dini yetu, na walikaa nyuma ya mzimu. Agata alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mwanamume, wanawake walisema watakwenda kumwona, wakaishia kusema. Bibi peke yake alikwenda. Aliwaambia wenzake, "Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani wangu amezaa, nikae nyumbani nimechuchumaa?" Akawa anakwenda kila Ijumaa asubuhi na uji wa pilipili manga, na mimi nyuma yake nimebeba kata ya kunywea.

Siku ninayoisimulia mtoto alikuwa ameanza kukaa. Tulifika mnarani jua likiwa bado changa. Bibi alianza kelele kabla hatujaona mlango.

"Hodi humu! Mnyamwezi upo, au umeshatwishwa mizigo?"

"Nipo, Mzaramo!" Yohana alijibu kutoka juu. "Leo umekumbuka watu? Ngoma zimekwisha kwenu?"

"Ngoma haziishi. Nimekuja kuchukua hilo toto, likacheze na wenzake. Hapa litajifunza nini, kufuta chupa?"

Yohana alishuka akicheka, mikono inanuka mafuta ya taa. Aliniuliza kama nataka kupanda. Nilikuwa nimelitamani jambo hilo tangu siku ya kwanza. Tukapanda ngazi ya kuzunguka mpaka kwenye chumba cha kioo, akanipa kipande cha kitambaa laini.

"Futa nacho, mama. Usiguse kioo kwa kidole. Ukiacha alama hapa, nahodha huko nje atadhani taa yangu inaumwa macho."

Nikafuta pembe ndogo, taratibu, na yeye akangoja kana kwamba kazi yangu ilikuwa na maana. Mpaka leo namshukuru kwa kungoja kule. Kutoka juu niliiona njia yetu yote, nyembamba kama uzi, na pale katikati vitambaa vyekundu vikipepea.

Ndipo tulipomsikia Agata akipiga kelele.

Mtoto alikuwa amelala tangu alfajiri na mwili wa moto, naye mama yake alidhani ni meno. Tulipofika chini tulimkuta amekakamaa, macho yamegeuka meupe, mikono inatetemeka. Bibi alimgeuza ubavu, akamfuta povu kwa ncha ya kanga yake.

"Degedege," alisema.

"Mpelekeni zahanati," Yohana alisema. "Sasa hivi, mama, nakuomba." Zahanati ilikuwa kijijini kwetu. Yeye mwenyewe hakuweza kuondoka, kwa kuwa mwenzake wa zamu alikuwa amekwenda mjini kuchukua mafuta, na taa ikikosa kuwaka magharibi, meli zitapanda mwamba. Alitusindikiza mpaka ukingoni mwa uwanja wake. Hapo alimbusu mtoto unyayo, akasimama.

Tulikwenda haraka. Agata alikuwa mbele na mtoto kifuani, Bibi nyuma yake, mimi nakimbia. Mtetemo uliacha, ukarudi, ukaacha. Jua lilikuwa likipanda pamoja nasi. Tulipokaribia pango, nilitazama chini nikaona kivuli changu kimeingia chote chini ya miguu yangu.

Bibi alisimama. "Agata. Hapa hatupiti sasa."

"Mama?"

"Jua la utosi. Tukae, lipinde kidogo."

"Mtoto anaungua, mama."

"Najua. Ndiyo maana."

Agata alitazama baharini. Maji yalikuwa yamejaa, yanapiga mawe, hapakuwa na ufuko wa kuzungukia. Akatazama mikoko. Hata mtu mzima angezama mpaka mapajani. Palikuwa na njia ile moja tu, na pango lake.

"Sisi kwetu hatuna mambo haya," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwenu ni kwenu, mwanangu. Hapa ni hapa. Mie nimezika wangu wawili, sitaki kuzika wako."

Nimefikiri mara nyingi kwa nini Agata alikubali. Alikuwa mama, angeweza kupita. Lakini alikuwa na umri mdogo kuliko huu wangu wa sasa, yu ugenini, na katika watu wote wa pwani ile aliyemfungulia mkono alikuwa mmoja. Mtu pekee aliyekutendea wema akikuambia simama, unasimama. Akarudi nyuma hatua chache, tukaketi chini ya mti wa mkungu.

Sijapata kuona mtu akihangaikia mtoto wa mwenziwe kama Bibi alivyohangaika pale. Alivua kanga yake ya juu, akaitandaza hewani kwa mikono miwili kumkinga mtoto na miale iliyopenya majani, akasimama hivyo mpaka mikono ikawa inamtetemeka. Alinituma nichovye kitambaa baharini, nikaenda na kurudi, nikaenda na kurudi. Alikuwa amechomeka kijiti mchangani, na kila mara alikitazama. Kijiti kilisimama bila kivuli. Mtoto alishikwa tena na mtetemo, mrefu kuliko wa kwanza, na Agata akaanza kusali kwa lugha ya kwao. Bibi naye alikuwa akisoma dua yake. Nilizisikia zote mbili kwa pamoja.

Hatimaye kijiti kilitoa kivuli, chembamba kama ukucha. Bibi hakuinuka. Alingoja kirefuke. Kilipotosha kidole ndipo aliposema, "Haya."

Tulivunja majani, tukayaweka. "Tunapita, sie ni wenu," Bibi alisema, na Agata, ambaye hakuwa wao, alisema vilevile. Mtoto wakati huo alikuwa ametulia kabisa, hatetemeki tena. Bibi alimchungulia usoni, akafurahi.

"Umeona? Wamemwachia."

Agata alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mnarani. Kwa kipande kile cha njia tulitembea kama watu waliopona.

Dresa, mtibabu wa zahanati, alikuwa mzee mwembamba wa miwani. Alimlaza mtoto mezani, akamfunua jicho, akamchoma sindano, akaweka sikio kifuani pake kwa muda mrefu. Kisha akauliza bila kugeuka, "Alianza kushikwa saa ngapi?"

"Kabla ya adhuhuri," Bibi alisema. "Tulikaa njiani. Pale pangoni. Tulingoja jua."

Nilikuwa nimesimama upande wa dirisha, nikauona uso wa dresa ambao wao hawakuuona. Alifumba macho. Midomo yake ilifunguka kama anayetaka kusema, ikafungwa. Alipogeuka, alimtazama Agata, akasema tu, "Njia ni ndefu, mama. Mmejitahidi." Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba kuna neno amelimeza kwa huruma, na kwamba Bibi alikuwa amelisikia.

Mtoto alikufa jua likizama. Dresa alimtuma mtu kwenda kumwambia Yohana, lakini mtu yule alikuwa bado yuko njiani tulipoona, kule rasini, taa ya mnara inawaka. Baba wa watu alikuwa ameiwasha kwa wakati wake, kama kila siku, akidhani mwanawe yuko kwenye dawa. Agata aliitazama, akaficha uso begani mwa Bibi.

Mazishini mtani ana kazi yake. Huzuia jeneza, hudai, hutukana, mpaka waliofiwa wacheke hata kwa dakika moja. Watu walimtazama Bibi wakingoja sauti yake. Hakuitoa hata mara moja. Alibeba udongo kwa mikono yake, akarudi nyuma ya watu. Agata alimfuata kule kule, akamshika mikono yenye udongo.

"Ahsante, mama. Hukuniacha peke yangu."

Bibi aliinama kama aliyepigwa mgongoni.

Kabla ya mwezi kwisha Yohana aliomba uhamisho, wakaondoka. Hapo ndipo kijiji kilipoanza kuisimulia habari hii, na kila mdomo ulikuwa na namna yake. Walisema wale wa bara walikuwa wabishi. Walisema Agata alikatazwa, akapita pangoni jua la utosi na mtoto mgonjwa, na mzimu ukamchukua. Walikuwa wakiisimulia hata mbele ya Bibi, naye hakuwasahihisha. Nilidhani anaona haya. Baadaye nikaona kwamba alikuwa anaitamani iwe kweli.

Nasema hivyo kwa sababu alianza kutoka adhuhuri. Alifunga mlango na kuondoka bila chakula mkononi, watu wakiwa wamelala. Siku moja nilimfuata. Nilijificha nyuma ya mkindu, nikiogopa, kwa kuwa nami sikuwa na kivuli. Alisimama mbele ya pango, kichwa wazi, juani. Hakuvunja jani.

"Nipo hapa," alisema. "Jua ndilo hili. Mbona hamnichukui?"

Vitambaa vilipepea kidogo. Mjusi alitoka jiweni, akarudi. Bibi alingoja mpaka kivuli chake kilipoanza kujitokeza upande, ndipo akaketi chini na kulia kwa sauti, yeye aliyetufundisha tusipaaze sauti mahali pale. Hata homa hakupata. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, mzima wa mwili, na sikumsikia tena akimtania mtu.

Sasa nakaa Temeke, nina mtoto wangu anayeanza kukaa. Juzi adhuhuri, bombani, jirani yangu alikuwa na mwanawe mgongoni, mtoto ana moto wa kuhisika hata kwa aliyesimama kando. Mkwewe alikuwa amemwambia angoje jua lipinde ndipo ampeleke hospitali, na akamtolea mfano wa mwanamke wa mnarani aliyekaidi. Habari yetu ilikuwa imevuka bandari, imekuja kunikuta huku.

Sijui kama mzimu upo. Sijifanyi msomi, nilisoma madarasa machache tu, na bado nikipita makaburini nashusha sauti. Wala sitaki mtu amtaje bibi yangu kwa ubaya, maana sijaona tena mikono iliyoshikilia kanga juani vile kwa ajili ya mtoto asiye wake. Kwa hiyo kwa miaka yote hii nilinyamaza, nikawaacha wamlaumu Agata.

Siku ile niliweka ndoo chini. Nilimwambia jirani yangu, "Hakukaidi. Mie nilikuwapo. Alitii, tukangoja." Kisha nikamfungua mtoto mgongoni mwake, alikuwa amechoka, nikambeba mie, tukashika njia ya hospitali kwenye jua lile lile.