Jemadari Kafa, Simu Ninayo Mimi

Uongo? Nani kakwambia uongo? Inawezekana, tena vizuri sana. Mtu anakufa kazi ikiwa imepamba moto, na waliosimama naye wanaendelea kama yuko hai. Usiniletee habari za chuo chako hapa.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu yule Mkenya, mwanafunzi wa skolashipu, kwenye mkahawa tunakokula, mtaa wa Zhanxi hapa Guangzhou. Nilikuwa nimemaliza kusimulia habari ya jemadari wa majini wa Korea, na yeye akacheka na wali mdomoni.

"Wacha hizo, buda. Jemadari mzima apigwe risasi, na meli zote zisijue? Hiyo ni stori ya kulaza watoto."

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Nina hasira za karibu, sikatai. Lakini stori ile si yangu, ni ya mjomba wangu, kaka wa mama, na mjomba simruhusu mtu amcheke.

Mjomba kabla ya kuja Guangzhou kufungia watu mizigo alikuwa baharia wa meli za mizigo. Huko Korea aliona sanamu kubwa barabarani, akauliza ni la nani. Akaambiwa huyu aliwapiga Wajapani baharini, zaidi ya miaka mia nne nyuma. Kwenye pigano la mwisho, adui keshageuza, anatafuta njia ya kwao, risasi ikampata chini ya kwapa. Mwanawe na mpwa wake walikuwa pembeni. Akawaambia wasitangaze kifo chake, vita bado. Wakamsogeza ndani, mpwa akasimama mahali pake, ngoma ikaendelea kupigwa. Mpaka wameshinda ndipo watu wakaambiwa, na mabaharia wakalia kuliko walivyokuwa wamefurahi.

Akifika hapo kwenye mpwa, mjomba ananibamiza mgongoni. "Umesikia? Mpwa!"

Mie sikusoma. Kichina nimejifunza kwa kugombana bei soko la Shahe na kwa video za simu. Stori za mjomba ndizo zilikuwa shule yangu.

Sasa, siku ya kufunga kontena. Ilikuwa mizigo ya watu wengi wa Unguja na Dar, nguo za Idi, na kila mmoja alimwamini mjomba tu. Si mimi, si mwenye ghala. Asubuhi tukiwa tunapanga marobota akaanza kushika kifua. Jasho linamtoka kama kamwagiwa maji. Nilipomwingiza kwenye teksi alinikamata mkono.

"Usimwambie mtu kitu mpaka kontena lifungwe."

Basi. Hakunambia tena neno. Saa sita mchana daktari alitoka, akasema maneno ambayo Kichina changu cha sokoni hakijawahi kukutana nayo. Nikayaelewa hivyohivyo.

Nikachukua simu ya mjomba na kofia yake, nikarudi ghalani. Unadhani nilikuwa na wazimu? Wenye mali wangesikia kafa, kila mmoja angetuma mtu kuja kuchomoa robota lake. Kontena lingebaki tupu, Idi ingepita, na jina la mjomba lingekuwa la kutukanwa. Laoban, yaani bosi wa ghala, akaniuliza mzee yuko wapi. Nikamwambia kajipumzisha. Nikawafokea makuli kwa matusi ya mjomba yaleyale. Meseji zinaingia kwenye simu yake, nazijibu: sawa, umepakiwa, sawa, usiwe na wasiwasi. Nikajiona mimi ndiye yule mpwa melini. Sikutoa chozi. Kusema kweli nilijisikia fahari, na hicho ndicho kinachonila mpaka leo.

Saa tisa ikaingia picha kutoka kwa mkaza mjomba, mke wake. Unguja ilikuwa saa nne asubuhi, yuko kwenye harusi ya jirani. Mikono miwili imejaa hina mpaka viwikoni, bado mbichi. Chini kamwandikisha mwenzake: "Nimependeza?"

Kwetu mpwa na mkaza mjomba ni watani. Mimi tangu mdogo namwita mke wangu, yeye ananiita mume bwege, na mjomba anajifanya kanuna. Mjomba mwenyewe hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Alikuwa anamwita kwa jina lake tu.

Nilikuwa nimekaa juu ya robota. Ningeweza kuiacha ile meseji. Lakini mjomba hakuwa mtu wa kumwacha mkewe bila jibu. Nikaandika: "Umependeza sana, mke wangu."

Hapohapo akajibu: "Ala! Mume bwege, mrudishie mjomba wako simu yake!"

Nikaitia simu mfukoni, nikaenda kusimamia milango ikifungwa. Kontena likaondoka ilipoingia magharibi. Nikampigia mkaza mjomba. Nyuma yake nasikia wanawake wanapiga vigelegele. Nilipomwambia, hakuuliza wapi, hakuuliza vipi.

"Saa ngapi?"

"Saa sita ya huku."

Akahesabu, anarudisha masaa nyuma. "Kwa hiyo nilishakuwa kizuka. Nimeshafiwa, nipo kwenye eda, na nimekaa kitako napakwa hina. Nikawaonesha wenzangu meseji yako. Tukacheka mpaka mmoja akapaliwa."

"Mjomba aliniamuru kwenye teksi nisimwambie mtu."

"Alikuamuru usiseme anaumwa, mwanangu. Kufa hakukuambia."

Mwanangu. Hakunitania tena.

Mjomba tukamzika hukuhuku. Mama alinisimulia jinsi mkaza mjomba alivyokaa eda na mikono myekundu, anaificha ndani ya kanga kila akija mtu wa kuhani. Hina ile ilichukua wiki kutoka. Na mimi nikaingia kwenye simu, nikasoma mwenyewe habari za jemadari, neno kwa neno. Yule kijana melini alikuwa mtoto wa kaka yake. Kwetu huyo si mpwa, huyo ni mwana kabisa. Mjomba ndiye aliyempachika upwa, ili na mimi niwemo. Alikuwa ananiandaa, au alikuwa ananipenda tu? Sijui, na wa kumuuliza hayupo.

Mkenya alikuwa ameacha kula. Aliniinulia kiti changu.

Eda imekwisha. Wiki ijayo narudi Unguja na begi la mjomba. Mkaza mjomba kamwambia mama kwamba begi atalipokea. Mimi bado hajaamua; anataka kwanza nimtazame usoni nimwambie kwa nini nilimjibu. Haya, na wewe unayenisikiliza sasa na kunitolea macho: simu ingekuwa mkononi mwako, mjomba yuko kwenye jokofu la hospitali, mkewe anakuuliza kapendeza, ungemwandikia nini?