Matundu Kumi na Mawili katika Kikwembe cha Mama

Adolphine hakati kitambaa kuanzia pembeni. Mafundi wengine wa mji wa Baraka hukunja, hupima na kukata. Yeye hutembeza juu ya kikwembe, yaani kitenge, fremu ndogo aliyoikata kwenye boksi la sabuni, mpaka ua au ndege aliyechorwa akae katikati kabisa. Hapo huchora kwa chaki, huacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono, kisha hukata. Vipande huviunga kuwa matandiko ya kitanda. Kazi hiyo alifundishwa na Mrundi mmoja, Angeline, walipokuwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Ameifanya mjini miaka tisa.

Alhamisi moja Suzanne alimletea kikwembe cha bluu chenye korongo wakubwa. Kilikuwa cha mama yake, aliyefariki mwezi uliotangulia. Alitaka tandiko la kitanda cha baba yake.

"Weka hawa ndege tu," alisema. "Ingine utanirudishia."

Hakusema kwamba nguo za marehemu zilikuwa bado hazijagawanywa, wala kwamba hicho mama alikuwa amemwahidi Nadège, dada mkubwa wa Suzanne. Alidhani fundi angekata upande mmoja, na nguo ya kuvaa ingebaki.

Jumamosi Nadège alifika kutoka Mboko kwa ajili ya mgao. Alipoambiwa kikwembe kiko kwa fundi, alikwenda moja kwa moja, Suzanne akimfuata nyuma.

"Jambo, mama Adolphine. Kikwembe ya mama yetu iko wapi?"

"Jambo, dada. Njo hii."

Adolphine alikikunjua mbele ya mlango. Mwanga ulipita katika matundu kumi na mawili ya mraba, yaliyotapakaa nguo nzima.

Nadège alipitisha kidole katika tundu moja.

"Panya ilikula?" aliuliza.

"Panya haina mukasi, dada. Mi njo nilikata. Ndege iko pale."

Korongo walikuwa mezani, kila mmoja katikati ya mraba wake, bila hata mguu uliokatwa.

"Suzanne, mama alisema ku hospitali hii ni ya Nadège. We ulikuwa pale."

"Yaya, nilizani atakata ku mwisho..." Suzanne alimjibu dada yake.

"Na mi nitavaa matundu?" Akamgeukia fundi. "Rudisha. Shona kila ndege mu tundu yake."

"Haiwezekane. Mushono itakula pande zote. Haitaenea tena."

"Bantu benye unashoneaka, hii yenye inabakiaka, banaipelekaka wapi?" Nadège aliuliza, akionyesha kitambaa kilichobaki.

"Banaacha. Nafutiaka mafuta ya mashini."

Nadège alimnyang'anya kikwembe, akakifunga kiunoni juu ya sketi yake nyeusi ya matanga. Weusi ukatokea katika kila tundu.

"Yaya, utapita mu njia hivi? Bantu batasema nini?"

"Mwenye alikata hana haya. Mi nitaona haya ya nini? Mushonee papa yetu ndege yake. Hii ni yangu."

Akatoka. Wauza samaki kando ya barabara waliacha kubishana bei. Mmoja aliinuka ili aone vizuri.

Suzanne alimwuliza Adolphine kama tandiko lingekuwa tayari Jumatatu. Fundi hakumsikia. Alisimama mlangoni, chaki mkononi, akitazama yale matundu kiunoni mwa Nadège mpaka alipokunja kona.