Mbwa Anayesubiri Ijumaa

Saa mbili asubuhi, Carrollton, kaskazini mwa Dallas. Naserian anachutama kwenye maegesho ya magari na kuweka mgongo wa kiganja chake juu ya lami. Haijaanza kuunguza. Ndipo anamshusha Duke, mbwa mweusi mwenye mvi mdomoni.

Katika bustani ya mbwa anafunga lango la kwanza kabla ya kufungua la pili. Maji amebeba mwenyewe. Bakuli la pamoja hamruhusu Duke alambe, kwa sababu magonjwa hupitia humo. Kisha anampapasa masikio na katikati ya vidole, akitafuta kupe.

"Tulia, babu," anamwambia. "Kajiado nilitoa kupe kwa ng'ombe, sembuse wewe."

Kutembeza mbwa wa watu ndiyo kazi yake, dola ishirini kwa kila matembezi. Naserian amemtunza Duke kwa miaka mitano. Bibi mwenye mbwa huyo alifariki mwezi uliopita, na mwanawe anauza nyumba. Ijumaa, Duke atapelekwa kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe. Mbwa wazee huko hawapati wa kuwachukua kwa urahisi.

"Nilimwomba yule kijana anipe, akakubali," ananiambia Naserian, sauti ikishuka. "Shida iko kwangu."

Jengo wanamoishi linaruhusu mbwa. Mumewe, Wanjohi, haruhusu. Naserian anampigia simu na kuweka spika.

"Baba Sheldon, ongea na mwandishi."

"Dada, mbwa ni wa nje," Wanjohi anasema. Ni muuguzi, ametoka zamu ya usiku. "Kwetu hata mlangoni hakanyagi. Na hapa nje ni wapi, tukiwa third floor? Watu wa kanisa wakija wamkute kwa kochi, niwaambie huyu ni shemeji?"

Naserian anacheka kidogo. Simu ikikatika, anafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Simlaumu. Hata mimi nilipofika hapa niliwaogopa."

Amemwomba mumewe jambo moja: Alhamisi, akitoka kazini, apitie bustanini.

"Hajawahi kumshika mbwa maishani. Nataka amshike tu, halafu aamue."

Je, akikataa?

Duke amelala juu ya viatu vyake. Naserian hajaribu kuitoa miguu.

"Basi Ijumaa nitampeleka mimi. Nimeshamwambia yule kijana asije. Asichukuliwe na mtu asiyemjua."