Fundi Aliyekataa Kuzika Simu Hai

Mke wa kaka yangu ana ulimi wa wembe na kichwa cha jiwe, na mimi kama wifi yake nina haki zote za kumsema. Mtaani wanamwita Bisibisi. Ni fundi simu. Kwa miaka mingi meza yake ilikaa chini ya ngazi za jengo letu, karibu kabisa na chumba changu cha kushonea, na makelele yake yalinichangamsha kuliko redio.

Ana desturi yake. Simu huifungua mbele ya mwenyewe, hata kama mwenyewe ana haraka, na kifaa kilichoharibika humpa mkononi akione. Ikishindikana kabisa, huomba aachiwe mwili. Kioo hukaa kivyake, spika kivyake, na betri huzifukia kwenye debe la mchanga zisije zikawaka.

"Wifi, marehemu mmoja anaponya watano," huniambia. "Na kila simu mpya unayoiona, kuna mahali ardhi imechimbwa ili itoke."

Mimi humjibu kwamba ameolewa na kaka yangu lakini moyo ameuacha kwenye mabetri.

Basi, mwenye jengo akafungua duka kubwa la simu ghorofa ya kwanza. Leta ya zamani, ongeza kidogo, ondoka na mpya. Watu wakafurika. Zile za zamani zilishushwa kwa magunia hadi uani, zikachomwa ili ipatikane shaba. Moshi wake ulikuwa mweusi, unawasha koo. Uliingia kwenye vitambaa vyangu mpaka mteja mmoja akanirudishia gauni, eti linanuka tairi.

Bisibisi akapanda kulalamika. Nilidhani watamfukuza, kumbe walimpa kazi. Meneja wa duka, kijana mwenye maneno ya asali, alishuka naye hadi mezani.

"Mama, watu wanakuamini," alisema. "Njoo ukae juu, kwenye feni. Mteja akileta simu, iangalie, mwambie imekufa. Basi."

"Na kama haijafa?"

"Hata mimi nilikuwa fundi, mama. Najua nyingi zinapona. Lakini hili ni duka, si hospitali."

Kisha akaongeza, huku akitabasamu, kwamba pale chini ya ngazi panahitajika kwa kuwekea maboksi. Tulimwelewa: ama apande juu, ama akose pa kukaa.

Kaka yangu alimwambia akubali. Mimi nilimwambia kwa sauti kubwa zaidi, maana chumba changu ni cha mwenye jengo huyohuyo, na nilijua wakimaliza chini ya ngazi watahamia kwangu.

"Wifi, mkono usioweza kuukata, ubusu," nilimwambia.

"Ubusu wewe, mwenye midomo mizuri."

Hata hivyo Jumatatu asubuhi alivaa koti jeupe la duka, akapanda. Nikamshukuru Mungu. Nikamfuata na futi yangu shingoni, nikasimama mlangoni nishuhudie maajabu.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa muuza mkaa wa pale kona. Simu yake ilikuwa haiingizi chaji. Meneja alikuwa amesimama kando na mpya mkononi, tayari ameshaitoa kwenye boksi. Bisibisi akachungulia tundu la chaji, akatoa kijiti cha meno mfukoni, akachokonoa polepole. Likatoka vumbi la mkaa lililogandamana. Akachomeka waya, simu ikawaka.

"Haijafa, dada. Imekula mkaa tu. Nenda nayo nyumbani."

Kisha akawageukia wengine. "Jamani, kule uani wanachoma simu nzima pamoja na mbovu, na moshi wake tunauvuta sisi na watoto wetu. Kabla hujaacha yako hapa, nipe niifungue uone mwenyewe. Mimi sizitangazii kifo simu zilizo hai!"

"Mama, vua koti," alisema meneja.

"Navua. Lenyewe linanibana kwapani."

Kabla ya adhuhuri walinzi walikuwa wameitoa meza yake nje, juani, kando ya barabara. Debe la mchanga walilipindua makusudi, betri zikatapakaa hadi mtaroni. Nilimwona wifi yangu amepiga magoti akiziokota moja moja, na hasira ikanipanda. Nikaenda kuokota naye.

Alipomaliza akajifuta vumbi magotini, akaketi, akafungua kazi. Meneja akashuka.

"Omba radhi mbele ya wafanyakazi, mama, nikurudishie nafasi yako. Leo hii."

Bisibisi hakuinua uso.

"Kama una simu mbovu, bosi, foleni inaanzia kule nyuma."

Foleni yenyewe ilikuwa ya watu wawili, mng'arisha viatu na mimi. Meneja akanitazama, kisha akautazama mlango wa chumba changu, taratibu, ili nimwelewe. Nilimwelewa. Simu niliyoshika ilikuwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Nikasogea mbele, nikampa wifi yangu aifungue.